Suti ya Mtani

Akeneta alikuwa na ratiba. Kurasa sita, zimepigwa nailoni zisiloane, kila siku na rangi yake, kila saa na shughuli yake, hadi dakika za kwenda chooni kabla ya kupanda boti. Aliiandaa miezi minne ofisini kwake Suva, kwenye kampuni ya bima ambako yeye ni naibu meneja wa madai, na hapakuwa na mfanyakazi, kuanzia meneja hadi mfagiaji, ambaye hakuonyeshwa kurasa hizo. "Nampeleka baba Sydney," alisema, kwa ile sauti ya chini ya mtu anayetaka kusikika mbali. "Siku nane. Mimi na yeye tu. Maisha yenyewe mafupi."

Watu walimsifu kweli. Kina mama wa kanisani walimwombea safari njema mara tatu, na mara ya tatu yeye mwenyewe ndiye aliyewakumbusha. Kaka yake Livai, ambaye hajawahi kumnunulia baba yao hata soksi, alimpigia simu akasema, "Dada, umefanya la maana sana," kisha akamwagiza viatu.

Lakini sifa zote hizo hazikumshibisha. Aliyetakiwa kumsifu ni mmoja tu, naye kazi hiyo hakuijua. Mzee Sakiusa alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakumpa mtoto wa mtu kumi kwa kumi, eti kumi ni ya Mungu na tisa ni ya mwalimu. Binti yake alipopata nafasi chuo kikuu, aliisoma barua yote, akaikunja, akasema, "Inaweza kuboreshwa." Alipopandishwa cheo alipata saba. Alipomjengea baba yake choo cha ndani alipata saba na nusu, na ile nusu ikafutwa wiki iliyofuata bomba lilipovuja. Sasa ana miaka arobaini na mitatu, ana nyumba, ana gari, ana shinikizo la damu, na kitu kimoja anachokitaka duniani ni baba yake afungue kinywa mbele ya watu aseme: mwanangu huyu amenifanyia jambo. Tusimcheke mno. Wengi wetu tunaugua ugonjwa huo huo, ila hatuna nauli.

Siku ya kwanza alimpeleka kuliona daraja. Mzee akasimama chini yake na sulu yake ya kijivu, ile shuka ya kiunoni ya wanaume wa Fiji, na ndala zake, akalitazama kwa muda mrefu, binti akiwa ameshika simu tayari kurekodi.

"Chuma kingi," alisema mzee.

"Na nini tena, Baba?"

"Kina kutu upande ule."

Siku ya pili walikwenda kuona wanyama. Mzee alimtazama kangaruu, kangaruu akamtazama mzee, na ilionekana kila mmoja amemsikitikia mwenzake. Hoteli ilipata sita kwa sababu madirisha yake hayafunguki. Kitu pekee kilichomgusa mzee katika nchi nzima ya Australia kilikuwa mayai ya asubuhi, ambayo unaruhusiwa kuyarudia mpaka uchoke, na mzee alikuwa hajachoka.

Siku ya tatu, kati ya samaki wa kwenye vioo na chakula cha jioni, ratiba ilisema: "Kumjulia hali Mzee Isikeli, saa tisa hadi saa kumi na nusu." Akeneta alijiona mkarimu kwa dakika hizo tisini. Hakujua kwamba baba yake alikubali safari nzima kwa ajili ya dakika hizo, na kwamba hayo madaraja na makangaruu alikuwa akiyavumilia kama mtu anayevumilia mahubiri kwa sababu baadaye kuna pilau.

Sakiusa ni mtu wa kisiwa cha Vatudina, Isikeli wa Nukusere, na watu wa visiwa hivyo viwili ni watani, *tauvu* tunavyowaita, tangu mizimu ya mababu zao iliponyang'anyana kaa mmoja ufukweni. Mtani akimkuta kuku wako anamchinja, na wewe unamtafutia chumvi. Anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unashukuru. Kukasirika ni mwiko. Ukikasirika umekiaibisha kisiwa kizima, pamoja na maiti wake. Wawili hawa walifundisha shule moja miaka ishirini, na hiyo miaka ishirini ilikuwa ya wizi mtupu. Isikeli alichukua baiskeli ya Sakiusa, akachukua filimbi yake ya shule, akamchukua nguruwe aliyekuwa ananoneshwa kwa ubatizo wa Akeneta mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Siku moja alimpa mkono mkaguzi wa elimu, wakaachana, saa ya mkaguzi ikabaki kwa Isikeli. Sakiusa naye hakulala. Aliung'oa mlango wa choo cha Isikeli, mwenyewe yumo ndani, akausafirisha hadi Vatudina, na mpaka leo chakula cha Krismasi kinaliwa juu yake.

Kisha watoto wa Isikeli wakahamia Sydney, wakamchukua baba yao. Figo zikamsaliti. Mashine ya kusafishia damu akaikataa, na daktari akawaambia watoto wahesabu majuma, wasihesabu miezi.

Torika, binti yake wa mwisho, ndiye aliyewafungulia mlango huko Liverpool, magharibi ya jiji. Alikuja Sydney akiwa na miaka sita. Kifiji chake kilikuwa cha kanisani na cha jikoni tu. Aliwapeleka chumba cha nyuma. Isikeli alikuwa kitandani, jitu zima limebaki mifupa na masikio, na kwenye mlango wa kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, ilining'inia suti: koti jeusi, shati jeupe, tai, na sulu ya mifuko iliyopigwa pasi hadi inakata. Suti ya kuzikiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza itundikwe mahali anapoiona.

Mzee Sakiusa alikaa chini sakafuni kama inavyotakiwa, akaweka mbele fungu la mizizi ya kava, kinywaji chetu cha heshima, lililofungwa gazeti, akatoa maneno ya heshima ya kuingia nyumbani kwa mtu, maneno marefu na mazuri. Isikeli akayapokea kwa macho yaliyofumba. Kisha akafumbua jicho moja.

"Torika, nani kamwingiza maiti huyu? Hajui makaburi yako ng'ambo ya barabara?"

"Nimekuja kuhakikisha," alisema Sakiusa. "Nyumbani wanasema umekufa. Nikawaambia haiwezekani, watu wa Nukusere hata kufa wanachelewa."

"Na nyie wa Vatudina mnawahi kila msiba. Si ndiko mnakoshibia?"

"Nimeshiba mayai. Nimekula kumi na mawili tangu juzi."

"Ndiyo maana chumba kinanuka."

Akeneta alitaka ardhi ipasuke. Alilelewa kuinama akipita mbele ya wazee, na kunong'ona penye mgonjwa. Alijua utani, nani asiyeujua. Ofisini watani walikuwa wakiibiana kalamu na kucheka. Lakini kwa hesabu zake utani una mipaka, na mlango wa mauti ni mmojawapo. Akamshika Torika mkono, wakaenda jikoni, akamwomba radhi mara nne kwa niaba ya baba yake, na kati ya radhi ya pili na ya tatu akatazama saa.

Saa kumi na nusu kamili, teksi ilifika. Mzee Sakiusa alitoka amevaa koti jeusi linalompwaya, mikono imezama, na kifurushi kwapani. Nyuma yake, kutoka chumba cha nyuma, sauti ilikuwa inapiga kelele: "Mwizi! Mwizi wa Vatudina! Mshikeni!" na kelele hizo zilikuwa zimechanganyika na kicheko, na kicheko na kikohozi.

"Baba, hilo koti?"

"Kuna baridi," alisema mzee.

Walipofika hotelini simu ikalia. Ni Torika. "Dada, samahani kukusumbua. Ile suti ya baba, ya... ya siku yake. Haionekani."

Akeneta aliweka simu chini polepole. Mzee alikuwa amelitundika koti kwenye kabati la hoteli na analipangusa mabega kwa kiganja.

"Baba. Umeiba suti ya maiti."

"Maiti gani? Mimi nimemwacha mtu anakula. Amemaliza gimbi zima, muulize mwanawe."

"Itabidi irudi."

"Watani hawarudishiani."

"Baba, mtu anakufa!"

"Atakufaje?" alisema mzee, kwa sauti ile ile aliyofundishia kugawanya. "Hana nguo."

Hilo lilikuwa jibu kamili, na Akeneta alilisikia kwa masikio yote mawili bila kuelewa neno. Aliona ukatili wa kizee tu. Akalala na hasira, na asubuhi ya siku ya nne, baba akiwa kwenye sahani ya tatu ya mayai, akaitoa suti kabatini, akanunua pakiti ya biskuti nzuri, akapanda teksi.

Torika alimkumbatia mlangoni. "Asante, dada. Pasta anakuja Jumapili, nilikuwa sijui nitamwambia nini. Wazee hawa, utafikiri watoto wadogo."

"Nisamehe. Baba yangu hajazoea kusafiri," alisema Akeneta.

Isikeli alikuwa amelala. Waliitundika suti pale pale, mlangoni mwa kabati, wakainyoosha tai. Akeneta akarudi mjini moyo umemtulia, amejaa ile raha tamu ya mtu aliyetenda wema kwa siri huku akitumaini siri itavuja. Baba yake alimuuliza alikokuwa. Akasema dukani. Kwenye ratiba siku hiyo ilikuwa ya bustani ya maua, na mzee aliipa bustani tano.

Siku ya tano walikuwa kwenye boti, bandari imetandazwa mbele yao kama kwenye kalenda, Torika alipopiga tena. Analia. Baba yake hakula jana. Hajala leo. Aliamka akaiona suti, akaitazama kitambo, akauliza nani kaileta. Torika akamwambia imetoka kwa mzee Sakiusa. "Akasema, 'Basi, Saki ameniruhusu.' Akageukia ukutani, dada. Hasemi na mtu. Anamtaka pasta."

Akeneta alizima simu. Baba yake alikuwa akimtazama. Hakuwa mtu wa kudanganywa na uso wa mtoto. Nyuso za watoto ndiyo kazi aliyolipwa mshahara.

"Uliipeleka wewe?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee hakugomba. Afadhali angegomba. Alitazama maji, akavua kofia, akaikalisha magotini.

"Nilimnyang'anya nguo ya safari asisafiri," alisema. "Wewe ukampelekea mizigo hadi stesheni."

Hapo ndipo Akeneta alipoelewa. Yeye, mtu wa madai, anayewaandikia wajane barua za kusikitika bila kukosea nukta, alikuwa amemwandikia mtu hai ya kwake, akaiambatanisha na biskuti.

"Kachukue tena, Baba. Twende sasa hivi."

"Mimi siwezi. Mtu haibi kitu kile kile mara mbili. Atajua nimemhurumia, na huruma itammaliza kabla ya figo." Mzee akarudisha kofia kichwani. "Lakini wewe ni mtu wa Vatudina. Damu unayo. Sijui kama unayo ya kutosha."

Ratiba ilisema ni saa ya samaki wa kukaanga ufukweni. Ilibaki kwenye kiti cha boti, na sijui nani aliiokota.

Liverpool walifika mchana. Mzee Sakiusa alibaki sebuleni, kofia magotini, kama mzazi anayesubiri nje ya chumba cha mtihani. Akeneta akaingia peke yake, ameinama kama alivyolelewa. Isikeli alikuwa ameukabili ukuta.

"Mzee," alinong'ona. "Mzee Isikeli, shikamoo. Ni Akeneta."

"Mwambie baba yako nimepokea." Sauti ilitoka mbali. "Nashukuru. Ni haki yake."

"Nilikuwa naomba, mzee, kama hutajali, niichukue tena ile suti."

"Unaomba. Watu wa Vatudina siku hizi wanaomba. Kweli dunia inakwisha, na mimi nijiendee zangu."

Akeneta alisimama katikati ya chumba, machozi yanamlenga. Alitafuta tusi hata moja kichwani, asipate. Miaka arobaini na mitatu ya adabu, shule nzuri, kwaya, ofisi. Kumtukana mzee anayekufa hakukuwa kwenye kozi yoyote. Kitu pekee alichojua kukifanya vizuri kuliko watu wengi ni kukataa. Basi akanyoosha mgongo. Akasimama wima juu ya kichwa cha mzee, jambo ambalo kwetu mtoto hachapwi kwa ajili yake kwa sababu hakuna mtoto anayethubutu.

"Mzee Isikeli," alisema, kwa sauti ya ofisini. "Umeleta maombi ya kufa."

Mgongo kitandani haukutikisika.

"Nimeyapitia. Yana kasoro nyingi. Kwanza, fomu imejazwa na mtu wa Nukusere, kwa hiyo hatuna hakika kama anajua kuandika. Pili, mwombaji alikula nguruwe wa ubatizo wangu, na mpaka leo hajaniletea hata mkia. Tatu, nguo zilizoambatanishwa." Akatembea hadi kabatini, akaishusha suti kwa vishindo. "Hii ni suti ya mtu mzima. Nyie kwenu mnazikwa na gunia, na gunia lenyewe la kuazima, mwenye gunia amesimama kaburini analisubiri. Kampuni inasikitika kukujulisha kwamba maombi yako yamekataliwa. Ukitaka kukata rufaa, njoo mwenyewe Suva. Kwa miguu."

Bega la mzee lilitikisika. Akeneta akaogopa kwamba amemuua. Kisha Isikeli akageuka, taratibu, mifupa kwa zamu, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Torika!" aliita, sauti imepasuka. "Torika! Mwizi! Jike la Vatudina limeingia na linasoma sheria!"

"Na kandambili zako nazichukua," alisema Akeneta, akazichukua. "Na fimbo. Hukuwa na pa kwenda nayo."

"Fimbo yangu! Mama wee! Njoo hapa, mwanaharamu, njoo nikuangalie vizuri." Akamnyooshea mikono yote miwili. Akeneta akainama, na mzee akamkumbatia shingoni, akamlilia begani kama mtoto, muda mrefu, vidole vyake vikimpapasa na kumbembeleza. Akeneta akalia naye. Hakukumbuka lini mzee wa rika la baba yake alimshika hivyo. Alitoka chumbani na suti begani, fimbo mkononi, kandambili kwapani, na pua inamchuruzika.

Ndani ya teksi alisubiri. Alijua baba yake alisikia kila neno. Nyumba ile ina kuta za karatasi. Barabara ikapita, maduka yakapita.

"Fimbo umechukua," alisema mzee.

"Ndiyo, Baba."

"Hm."

Basi, hiyo tu. Saba walau! Hata sita! Akeneta aligeukia dirishani na kujiambia kwamba hajali, uongo ambao hata dereva aliuona kwenye kioo.

Siku mbili zilizobaki walizimaliza bila ratiba, wakiwa wanatembea tu. Torika alituma ujumbe kwamba baba amekula uji, kisha kwamba amekula muhogo kwa tui, kisha kwamba amemfukuza pasta. Siku ya nane wakaenda uwanja wa ndege saa nne kabla ya muda wa ndege, kwa sababu Akeneta ni Akeneta. Safari nzima alikuwa na kibegi kidogo cha kuning'iniza shingoni, chini ya blauzi, chenye mfuko wa ndani wa zipu, na humo ndimo zilimokuwa pasipoti zote mbili tangu siku waliyofika. Alimcheka kila mgeni aliyemwona akihangaika na mifuko. Akafika kwenye kaunta, akavuta zipu, akaingiza mkono, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa.

Ndani ya kitambaa kulikuwa na meno. Seti nzima, ya juu na ya chini, yanamchekea.

Binti wa kaunta alirudi nyuma hatua moja. Akeneta alitia tena mkono, akakipindua kibegi ndani nje. Pasipoti hakuna.

"Baba," alisema. "Baba, alikuwa analia. Alinikumbatia, alikuwa analia!"

Mzee Sakiusa aliyachukua meno kwenye kiganja, akayainua kwenye mwanga, akayageuza. Uso wake ulianza kufanya mambo ambayo binti yake hajawahi kuyaona. Mashavu yakavimba, macho yakafinyika, halafu kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kijana, akajishika mbavu, akatafuta pa kukaa, akakalia toroli la mizigo juu ya suti ya Isikeli na viatu vya Livai.

"Kumi!" alisema alipopata pumzi, akipiga goti. "Lo! Na hali yake ile, kitandani! Kumi kwa kumi!"

Akeneta alisimama na kibegi kilichopinduliwa. Miaka arobaini na mitatu alikuwa akiisubiri namba ile. Alikuwa ameilipia nauli, hoteli yenye lifti na boti. Na namba imetoka, kwa sauti, mbele ya watu, ikaenda kwa kibogoyo wa Liverpool. Ndege nayo ikaenda. Bima ya safari alikuwa nayo, tena ya daraja la juu, aliiandika yeye mwenyewe, lakini haikuwa na kifungu cha watani.

Walimkuta Isikeli barazani. Barazani! Amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, amevaa gauni la kuogea la Torika lenye maua, hana jino hata moja, na amekalia pasipoti mbili kama kuku juu ya mayai.

"Mmehahau nini?" aliuliza, maneno yakimponyoka kwenye fizi.

"Lete pasipoti," alisema Sakiusa.

"Lete huti."

"Suti siyo ya kwako, ni ya mwanangu. Aliichukua kihalali."

"Bahi kaeni."

"Tutakaa."

"Kaeni hata mwaka. Mimi hivi hivi hizikwi, hina nguo, hina meno. Pahta atanikataa."

Sakiusa akavuta kiti cha pili. Akeneta alipita katikati yao bila kuinama, akaingia jikoni kumsaidia Torika chai, na kwa hasira akaweka majani ya kutosha watu ishirini. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi juu ya baraza. Torika alifungua mdomo kuongea, kisha akaufunga, maana nje wazee walikuwa wameanza.

"Wewe una watoto watano," Mzee Sakiusa alikuwa akisema. "Ni nani kati yao aliyekupeleka hata ng'ambo ya barabara? Hapo hapo umekaa. Mimi nimepandishwa ndege."

"Ndege gani, mnuka mayai wewe?"

"Ndege! Na binti yangu, kwa mshahara wake mwenyewe. Nimelala hoteli ina lifti. Nimeonyeshwa daraja, nimeonyeshwa maua. Ana ratiba ya kurasa sita, mzee mwenzangu, ya rangi. Hata chooni mimi naenda kwa saa kama waziri. Una mtoto wa namna hiyo wewe? Mtu wa Nukusere akizaa mtoto kama huyo, mtamfunga kamba mkimwonyesha kwa kiingilio."

"Hifa hizo umemwambia mwenyewe?"

"Hayakuhusu."

"Mkavu huyu! Haya, na ule wizi wa huti? Ulimpa ngapi?"

Akeneta alikuwa ameshika birika hewani. Torika alimtazama, akaangalia pembeni.

"Sikumpa," alisema Sakiusa.

"Hukumpa!"

"Nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza mpaka mwisho. Amesimama wima, Isikeli, amekukatalia kufa kwa barua. Nimesahihisha kazi za watu miaka thelathini na minne. Ile sikuona pa kuweka kalamu."

Birika lilikuwa zito, akaliweka chini. Akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo, akaupanga uso, akabeba trei. Alipotokea barazani wazee walinyamaza wote wawili ghafla, kama wanafunzi. Baba yake alikohoa, akavuta kofia, akapokea kikombe bila kumtazama, akaonja.

"Majani yamezidi," alisema. "Inaweza kuboreshwa."

"Sawa, Baba," alisema Akeneta. Akakichukua kikombe kutoka mkononi mwake, akampa Isikeli.